Cherehani za Kuazima

Cherehani ya kwanza kuazimwa ilikuwa ya Mama Ovaloki, nayo ilikuja na masharti. Isikanyagwe na mtu mwingine. Isiwekwe karibu na dirisha. Isipakwe mafuta ya kupikia, maana siku hizi watu hawana haya. Mwenyewe aliifuata nyuma ikibebwa, mkono mmoja kiunoni, akimkemea mbebaji kila hatua. Mtaa mzima ni yeye peke yake aliyekuwa na mashine ya kufunga kingo za nguo, na jina lake la utani lilitokea humo.

"Iweke pale pembeni," alisema mume wa fundi, akionyesha kwa gongo lake. "Pale ndipo macho ya mgeni yatakapotua kwanza."

"Na mimi nakaa nayo," alisema Mama Ovaloki.

"Ukikaa nayo ndiyo vizuri zaidi, shemeji. Mashine bila mtu ni chuma tu. Utakuwa mfanyakazi wetu."

"Mfanyakazi wa nani?"

"Wa leo tu. Kesho unarudia ubosi wako."

Huyu mume wa fundi watu walimwita Waziri. Hakuwahi kushika cheo chochote maishani. Alikuwa utingo wa lori mpaka mzigo ulipomwangukia mguuni. Jina walimpa kwa sababu hakuna jambo lililotokea mtaani asilitolee mpango. Mfereji ukiziba, ana mpango. Mtu anataka kuoa na hana kitu, Waziri ana mpango. Mingine ilifaulu, na ndiyo iliyofanya watu waendelee kumsikiliza. Tangu aumie alikuwa akishinda kwenye kiti mlangoni kwake, akiwapokea wateja wa mkewe kwa maneno yale yale, "Karibu kiwandani," na kiwanda chenyewe kilikuwa chumba kimoja cha mbele chenye cherehani moja nyeusi ya kukanyaga. Mtu mwenye akili akikaa kutwa kwenye kiti, familia yake inapaswa kujihadhari.

Ndani ya mguu wake mlikuwa na chuma kilichotiwa kuushika mfupa. Sasa chuma kilitakiwa kutoka, na kidonda chake kilikuwa kimeanza kutoa harufu. Daktari hakuzunguka: kikichelewa, mguu ni wa kuburuta maisha yote, ikiwa utabaki. Gharama ya kukitoa ilikuwa kubwa kuliko zipu zote na mapindo yote ya suruali ambayo Fundi angeweza kuyashona mpaka nywele zigeuke nyeupe.

Ndipo serikali ikatangaza kwamba hospitali inataka mashuka, na kazi hiyo imetengwa kwa wafanyabiashara wadogo, watu wanaoshona kwa mikono yao. Fundi alijaza makaratasi. Akapeleka shuka la mfano, likasifiwa. Faida ya kazi hiyo ingetoa chuma mguuni na kubaki. Lilikuwa limebaki jambo moja tu, mkaguzi kuja kuona mahali anaposhonea.

"Lakini tangazo limesema wadogo," Fundi alisema tena, akiwa ameshika ufagio katikati ya chumba kilichokuwa kinazidi kujaa.

"Mke wangu, hayo ni maneno ya adabu. Wanasema wadogo kama mtu anavyosema karibu chakula wakati sahani imebaki tonge moja. Wewe utavuta kiti ukae?"

"Hapana."

"Basi. Sasa jifanye wewe ndiye hospitali. Una wodi tele, vitanda havihesabiki. Unakuja hapa unamkuta mwanamke mmoja na cherehani ya marehemu shangazi yake. Utampa kazi?"

Fundi alifikiri. Kusema kweli, asingempa.

Tusimtupie Waziri lawama zote. Wote wawili walikuwa wamemaliza nusu ya maisha yao kwenye madirisha ya ofisi, wakiambiwa njoo kesho, huku mwenye gari akipitishwa mlango wa pembeni. Hakuna mtu aliyewahi kuwaambia kwamba udogo ni sifa. Walichojua ni kuuficha, kama watu wanavyoficha shimo la zulia kwa kuliwekea kiti juu.

Kufikia mchana chumba kilikuwa na cherehani saba. Muuza vitambaa aliazimisha majora yake kwa sharti kwamba yasifunguliwe. Saa ya ukutani ilitoka kwa kinyozi. Kila mashine ilikuja na mwenye nayo, na kila mwenye nayo alikuja kwa sababu Waziri alikuwa amemnong'oneza kwamba kazi ikipatikana, hatasahauliwa. Fundi mwenyewe alivishwa gauni la harusi ya mdogo wake, akapewa na mkoba wa kuazima. Hakuwa na cha kutia ndani, akatia mkasi.

Mkaguzi alifika kwa miguu. Alikuwa mama wa makamo, viatu vimelika visigino, vumbi mpaka kwenye pindo la sketi, na nyuma yake alifuata kijana wa ofisini na kamera. Alisimama mlangoni, akatazama zile mashine moja moja. Wale wanawake sita walikuwa wakikanyaga kwa bidii, ingawa wawili hawakuwa na uzi.

"Karibu kiwandani," alisema Waziri.

"Ahsante. Fundi ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Cherehani hizi zote ni zako?"

Mlio wa mashine ulipungua. Mama Ovaloki alikohoa. Fundi alimtazama mumewe, na mumewe akaitikia kwa kichwa, polepole, kwa uso wa mtu anayemsaidia mwenzake kuvuka barabara.

"Zangu," alisema Fundi.

"Na hawa?"

"Wafanyakazi."

"Wote umewaajiri wewe?"

"Wote," Waziri alidakia. "Na wengine leo wamepumzika."

Mkaguzi aliandika. Kalamu yake ilikwenda haraka, na uso wake ulikuwa umepoa. Kijana akapiga picha, akahakikisha kila mashine imeingia.

"Nilipoliona lile shuka lako nilifikiri..." alianza mkaguzi.

"Ulifikiri nini, mama?"

"Basi. Hongera. Mmefika mbali."

Soda aliikataa. Alipokata kona, Waziri aliipiga sakafu kwa gongo lake. "Mmesikia kwa masikio yenu. Mmefika mbali." Wakacheka wote, hata Mama Ovaloki, na ile soda wakagawana.

*

Majibu yalibandikwa ukutani nje ya ofisi. Fundi alisoma kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu. Kilichopata kazi kilikuwa kikundi ambacho hakuna fundi aliyewahi kukisikia. Akajiunga na foleni ya dirishani.

Karani alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alipekua jalada, akaweka kidole. "Mama, wewe umeondolewa. Ukubwa."

"Ukubwa wa nini?"

"Wa biashara. Kazi hii ni ya wadogo, mwisho cherehani tatu. Wewe una saba na wafanyakazi sita. Picha hizi hapa."

Alizigeuza Fundi azione. Ziling'aa. Hata saa ya kinyozi ilikuwemo.

"Mwanangu, zile si zangu. Niliazima."

Karani aliweka kalamu chini. "Uliazima."

"Kwa majirani. Mimi nina moja tu, twende hata sasa hivi ukaone."

"Mkaguzi hakukuuliza kama ni zako?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

Nyuma yake foleni ilikuwa imenyamaza, kwa namna ambayo foleni hunyamaza kunapokuwa na cha kusikiliza.

"Nilisema ni zangu."

"Sasa nisaidie, mama. Nikuandike mkubwa au nikuandike mwongo? Mkubwa anaruhusiwa kuomba kazi za wakubwa. Mwongo anafungiwa kabisa."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kwa upole, akiwa ameinama ili wengine wasisikie, na wengine wakasikia. Mtu mmoja alicheka puani. Fundi aliuhisi uso wake ukiwaka.

"Niandike mkubwa," alisema.

"Vizuri. Za wadogo usiombe tena mpaka mwakani, ukapimwe upya."

Nauli ilikuwa imeishia kwenye soda ya mkaguzi. Mfanyabiashara mkubwa alirudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi.

*

Waziri alikuwa amekaa mlangoni, mguu juu ya ndoo iliyofunikwa. Alimwona mkewe kwa mbali, akaona na viatu vilipo, asiulize. Fundi ndiye aliyesema, amesimama, bila kuvuta pumzi katikati.

"Kwa hiyo wametunyima kwa sababu tulionekana tunaweza," alisema Waziri baadaye.

"Kwa sababu tulionekana wakubwa."

"Mimi na wewe."

"Mimi na wewe."

Waziri alicheka kidogo, kicheko kikamfia mdomoni. "Nisamehe, mama."

Hapo palikuwa mahali pa kusema yameisha, bwana wangu, twende mbele. Miaka yote hiyo Fundi alikuwa akiyasema maneno hayo bila shida. Safari hii aliyatafuta asiyapate. "Ningekaa na gauni langu la kila siku na cherehani yangu," alisema, "leo ungekuwa unasubiri kitanda." Kisha akaingia ndani kupika, na alipika vibaya, na walikula hivyo hivyo.

Majirani hawakuchelewa. Muuza vitambaa alidai jora moja limerudi na doa. Kinyozi alisema saa yake sasa inakimbia. Mama Ovaloki alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Mashine yangu inaruka mishono tangu siku ile."

"Pole, dada," alisema Fundi.

"Pole haishoni. Nimepoteza wateja. Na mumeo alinambia sitasahauliwa."

"Hata sisi tumesahauliwa."

"Hilo halinihusu. Mimi si niliwaambia isisogezwe dirishani? Mkaisogeza, ili picha itoke vizuri."

Ilikuwa kweli. Fundi akachukua rundo la nguo za Mama Ovaloki, akamshonea bure mpaka hasira zikapoa. Waziri alikuwa pale pale akisikiliza kila neno, na hakutoa mpango wowote. Tangu siku hiyo mtu akija kumwomba ushauri alimwambia nenda kamuulize fulani. "Karibu kiwandani" ilipotea. Wateja walipopiga hodi alisema tu, "Ingia." Na ile harufu ya mguu, iliyokuwa inahitaji mtu ainame kuisikia, sasa ilikuwa inafika mpaka kwenye cherehani.

*

Mtu aliyekuja baada ya hapo alivaa shati lililopigwa pasi vizuri, akabisha hodi kwa adabu, akasimama mpaka alipopewa kiti. Alisema yeye ni msimamizi wa kazi kwa Mwenye Ghala. Mwenye Ghala alijulikana na kila mtu anayeshika sindano. Vitambaa vya mji vilipitia kwake, na nyuma ya ukuta wake mashine za umeme zilivuma kutwa.

"Wewe ndiye uliyeshona lile shuka la mfano?" aliuliza.

"Umelionea wapi?"

"Lipo kwetu. Ndilo tulilopewa tuliige."

Fundi aliacha kukanyaga. "Kwenu kwa vipi? Kazi ilipewa kikundi kidogo."

"Kikundi ni chetu." Alisema kama mtu anayeelekeza njia ya sokoni. "Ghala liko nyuma. Mbele kuna chumba, tuliweka mama mmoja na cherehani yake. Mkaguzi alipokuja alimkuta anashona. Sasa imetoka kazi ya pili, magauni ya wagonjwa, na inataka kikundi kipya. Mkaguzi atakuja tena, nasi hatuna mtu wa kukaa."

"Yule mama wa kwanza yuko wapi?"

"Alianza kuamini kampuni ni yake. Akawa anauliza mapato."

Waziri, kwenye kiti chake mlangoni, aligeuza kichwa.

"Mimi wamenifungia," alisema Fundi. "Nimeandikwa mkubwa."

"Biashara yako ndiyo imefungiwa, wewe hujafungiwa. Kikundi ni kingine, utaandikwa mwenyekiti. Benki na mambo mengine utatuachia sisi. Ukipita, nyuma kuna kazi ya kushona, unalipwa kwa kila gauni."

"Kiasi gani kwa gauni?"

Alimtajia. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba Fundi alidhani amesikia vibaya, na alipomwomba arudie, haikuongezeka.

"Ila ukipita tu," aliendelea yule mtu, "siku ile ile unapewa bahasha." Akataja kiwango cha bahasha. Mume na mke walitazamana, maana kilikuwa ni kile kile walichotajiwa na hospitali, hakikuzidi wala kupungua.

"Nilipita hospitalini kuuliza," alisema msimamizi, akiutazama mguu juu ya ndoo. "Sikutaka nije na ahadi isiyofaa."

Nzi alikuwa akizunguka bendeji, na Waziri alimpunga kwa mkono.

"Usiende," alimwambia mkewe.

"Una mpango mwingine?"

Hakuwa amekusudia kumchoma. Lilikuwa swali tu, la mwanamke aliyefika mwisho wa akili yake, lakini lilimkuta pale pale palipo na kidonda kikubwa kuliko cha mguu. Waziri alishusha macho. Hakuwa na mpango.

"Njoo na cherehani yako," alisema msimamizi akiinuka. "Zetu zote ni za umeme, hazifai kwa shughuli hii."

"Nivae nini?"

"Usivae kitu. Yaani," alijirekebisha, kwa mara ya kwanza akiona haya, "vaa hivyo hivyo ulivyo."

*

Chumba chenyewe kilikuwa kimefanyiwa kazi. Rangi ya ukuta ilikuwa imebanduliwa makusudi, maana mabaki yake yalikuwa bado chini. Dirisha lilizibwa na kipande cha boksi. Kulikuwa na meza moja, kigoda kimoja, taa isiyowaka, na nguo za rangi rangi zimekunjwa ndani ya ndoo ya plastiki. Fundi aliposhusha cherehani yake mahali alipoonyeshwa, alihisi amewahi kukaa humo. Palifanana na kwake, walichosahau ni kalenda tu. Nyuma ya ukuta mashine za umeme zilivuma, kisha mtu akapiga mluzi, zote zikazimwa kwa pamoja. Fundi alikaa akiusikiliza utulivu ule, akatia uzi kwenye sindano, akaanza kushona pindo la gauni la mgonjwa kwa sababu mikono ilitaka kitu cha kufanya.

Mkaguzi alikuwa yule yule. Viatu vilikuwa vile vile pia, ila kimoja kilikuwa kimeshonwa. Aliingia na msimamizi, ambaye alijitambulisha kuwa ndiye mpangishaji wa chumba. Mkaguzi alifungua jalada, akainua macho. Kalamu ikabaki hewani.

"Wewe nakujua."

"Ndiyo, mama."

"Bwana, hebu tupishe kidogo," mkaguzi alimwambia msimamizi. Yule mtu alitoka. Mlango hakuufunga vizuri.

Mkaguzi alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake, na nguo zilizomo zikamwagika, naye akaziokota mwenyewe. "Zile cherehani ziko wapi?"

"Zimeondoka."

"Zote?"

"Zote zimeondoka, mama. Imebaki hii."

"Na wale kina mama?"

"Walirudi makwao."

Hapakuwa na uongo hata mmoja katika majibu hayo. Mkaguzi aliuangalia ukuta uliobanduka, akaliangalia boksi la dirishani, na uso wake ukalegea kwa huruma, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, na mtu mwema akiona mambo mawili hukimbilia kuyaunganisha.

"Mlianguka baada ya sisi kuwanyima ile kazi," alisema.

Fundi alilinyoosha pindo la gauni kwa kidole.

"Na hii cherehani ni yako?"

"Ni yangu."

"Umeipata wapi?"

"Kwa shangazi yangu, alipofariki. Ndiye aliyenifundisha."

Mkaguzi alipitisha kiganja juu ya ule mwili mweusi, pale rangi ilipokwanguka kwa miaka ya mikono. "Hii si ya kuazima," alisema, akatabasamu. "Na nguo za hapa unashona wewe mwenyewe? Kazi hii ukipewa, ni yako?"

Hilo ndilo swali lililomfikisha Fundi pale. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Mama, nyuma ya ukuta huu kuna mashine zinasubiri uondoke: hayo tu, na yangetosha. Mwanamke huyu alikuwa ameketi juu ya ndoo mbele yake, akimsikiliza, jambo ambalo hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kumfanyia. Angemwamini. Halafu angeandika, na wakubwa wake wangesoma au wasisome, na jioni Fundi angerudi kwenye ile harufu mikono mitupu. Kwenye ufa wa mlango kiatu cha msimamizi kilikuwa kimetulia.

"Ni yangu," alisema Fundi.

Mkaguzi aliandika, safari hii bila haraka. Kisha akafunga jalada, akasimama, akampa mkono.

"Nikuambie ukweli. Siku ile niliondoka kwako na uchungu. Shuka lako lilikuwa zuri kuliko yote, nikalipigania mezani. Kufika kwako nikaona mashine zile, nikasema kumbe na huyu ni mkubwa aliyekuja kuwanyang'anya wadogo. Nikakuandika kwa hasira." Hakuuachia mkono. "Leo moyo wangu umetulia. Kazi imemfikia mwenyewe."

"Ahsante, mama," alisema Fundi. Sauti ilitoka kwa shida, na mkaguzi akadhani ni furaha.

Alikuwa hajafika barabarani mashine za nyuma zilipowashwa tena. Msimamizi aliingia akipangusa jasho shingoni.

"Hata mimi ningekuamini," alisema, akatoa bahasha.

Fundi aliitia bahasha kifuani, akainama kufunga cherehani ili aibebe.

"Hiyo iache."

"Hii ndiyo inayonilisha."

"Sasa utalishwa na za umeme, huko nyuma. Hii ikae hapa. Wanaweza kurudi ghafla, wakute chumba kitupu tuaibike." Alimgusa bega, karibu kwa upendo. "Na wewe ukiitwa, unatoka huko mbio, unakuja kukaa. Umezoea, si kazi ngumu."

*

Waziri aliiona bahasha kabla ya kumwona mkewe vizuri. Fundi aliiweka juu ya paja lake. Hakuigusa.

"Cherehani iko wapi?"

"Imebaki kazini."

"Mpaka lini?"

"Wataniambia."

Kwenye sakafu, pale ilipokuwa imesimama miaka yote, palibaki alama za miguu minne na mstari wa vumbi ambao ufagio haukuwahi kuufikia. Fundi alitaka kupafagia, kisha akaacha.

"Mkaguzi alikuwa yupi?"

"Yule yule."

"Asikutambue?"

"Alinitambua. Alikaa nami. Alinipa mkono, akasema kazi imemfikia mwenyewe."

Waziri aliirudia sentensi ile kwa midomo bila kutoa sauti. Akaichukua bahasha hatimaye, akaishika kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, mtu mzima, mchana kweupe mlangoni kwake, na hakujaribu kuyaficha. Fundi alisimama kando ya kiti. Alitaka kumwambia asilie, mguu utapona, atarudi kwenye lori. Yote hayo yaliwezekana. Aliweka mkono juu ya kichwa cha mumewe, ukabaki pale.

Hodi ikapigwa. Alikuwa mwanamke wa nyumba ya tatu, mkononi ameshika sketi iliyoharibika zipu.

"Shemeji Waziri, fundi yupo?"

Waziri alijipangusa uso kwa mkono wa shati. Alizitazama zile alama nne sakafuni, halafu akamtazama mgeni.

"Hapa hakuna fundi, dada. Jaribu kwa Mama Ovaloki."

Mwanamke alicheka, akidhani ni utani wake wa siku zote, maana Fundi alikuwa amesimama pale pale, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alingoja Fundi amkanye mumewe. Fundi aliivua ile futi, akaikunja vizuri, akamwambia mgeni kwamba kwa Mama Ovaloki wakati huu bado pako wazi.